Augustino wa Hippo: Utii hauzaliwi na kiboko

Aghalabu mazungumzo kuhusu dhambi na utii, yawe ya darasani au ya kanisani, huishia kuwa orodha ya makosa na adhabu zake. Mwanafunzi huelezwa yaliyokatazwa, akaelezwa yatakayomfika akiyatenda, kisha ikadhaniwa kwamba amekwisha kufunzwa utii. Mmoja wa watu waliolichunguza jambo hili kwa kina katika historia ya Kanisa Katoliki alikuwa Mwafrika aliyechapwa sana akiwa mwanafunzi, akawa mwalimu, na hatimaye akawa askofu. Huyo ni Mtakatifu Augustino wa Hippo. Wengi wetu tunalijua jina lake kutokana na shule na parokia zilizopewa jina hilo. Wachache tunayajua maisha yake, ilhali maisha hayo ndiyo somo lenyewe.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka wa 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakati huo Afrika ya Kaskazini ilikuwa chini ya himaya ya Roma. Baba yake, Patricius, alikuwa diwani wa mji huo, mwenye shamba lakini asiye tajiri, na hakuupokea Ukristo hadi alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kusali bila kuchoka. Wawili hao walitofautiana kwa dini lakini walikubaliana katika jambo moja, kwamba kijana huyu mwenye akili nyepesi sharti asome ili ainuke. Mzazi aliyewahi kuuza ng'ombe ili mwanawe alipiwe karo ataielewa hamu hiyo bila kuelezwa.

Shule ya Thagaste iliendeshwa kwa fimbo. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika kati ya mwaka wa 397 na 400 hivi, Augustino anakumbuka kwamba sala zake za utotoni zilikuwa za kumsihi Mungu asichapwe shuleni. Alichapwa vivyo hivyo, na kilichomuumiza zaidi ni kuwaona watu wazima, hata wazazi wake, wakizicheka alama za fimbo mwilini mwake. Kilatini alikipata bila bakora, kwa kuwasikiliza yaya na watu wengine waliozungumza naye kwa upole na mzaha. Kigiriki alifunzwa kwa vitisho. Akakichukia, na hata alipokuwa askofu mashuhuri hakukimudu vyema. Alipoyapima hayo ukubwani aliona kwamba hamu ya kujua humfunza mtu lugha kuliko shuruti inayojaa hofu.

Hata hivyo hakujifanya malaika aliyeonewa. Anakiri kwamba alipenda kucheza mpira kuliko kusoma, kwamba aliwadanganya walimu na wazazi, na kwamba kutowatii kulikuwa kosa hata kama nao walikosea. Huu ndio uaminifu unaomfanya asomeke hadi leo. Makosa ya wakubwa hayakumfuta yeye kosa lake, wala kosa lake halikuwatakasa wakubwa.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, fedha zilipungua nyumbani, naye akarudishwa kutoka mji wa Madauros alikokuwa amepelekwa kuendelea na masomo. Akakaa mwaka mzima bila kazi. Usiku mmoja yeye na wenzake waliuvamia mpeasi wa jirani, wakautikisa, wakabeba mzigo mkubwa wa matunda na kwenda kuwatupia nguruwe. Matunda hayo hayakuvutia kwa sura wala kwa ladha, na kwao alikuwa nayo mazuri zaidi.

Baadhi ya wasomaji wamestaajabu kuona kwamba mtu aliyekuwa na makosa mazito kuliko hayo ametumia kurasa nyingi kuueleza wizi wa mapeasi. Sababu yake ni nzito. Augustino aliona kwamba wala njaa wala umaskini havikumsukuma. Hakukosa kujua kuwa wizi ni mbaya. Alilipenda tendo lenyewe kwa kuwa lilikatazwa, na peke yake asingelitenda. Kicheko cha wenzake ndicho kilichomtia ujasiri. Hapo alitambua kwamba mzizi wa dhambi umo katika nia. Mtu huuacha wema mkubwa ulio mbele yake na kukimbilia kitu kidogo, huku akijua anafanya nini. Kijana anayevunja dirisha la darasa usiku hahitaji kuelezwa kwamba kuvunja ni kosa. Anajua. Linalohitaji tiba ni lile analolipenda.

Mwaka uliofuata alikwenda Carthage, jiji kuu la Afrika ya Kirumi, akasomea balagha, yaani ustadi wa kusema na kushawishi. Huko alianza kuishi na mwanamke ambaye hakumwoa, wakapata mwana waliyemwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Akiwa na miaka kumi na tisa alisoma kitabu cha Cicero kilichomwashia hamu ya kuitafuta hekima. Akaifungua Biblia, akaiona ni ya lugha duni isiyomfaa msomi, akaiweka kando. Badala yake akajiunga na wafuasi wa Mani, akakaa nao miaka tisa hivi.

Wafuasi wa Mani walifundisha kwamba ulimwengu una nguvu mbili zinazopigana, ya nuru na ya giza, na kwamba uovu anaoutenda mtu hutoka katika ile nguvu ya giza iliyomo ndani yake. Augustino anaungama kwamba fundisho hilo lilimfurahisha kwa sababu lilimpa nafasi ya kukosa bila kuwa mkosaji. Kila anguko lilikuwa na mwingine wa kulaumiwa. Mtu akishafikia hapo, hata toba hana, maana hakuna anayetubu kosa la mwingine.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwalimu. Alifundisha kwao Thagaste, kisha Carthage, ambako wanafunzi wakorofi waliingia madarasani wasimohusika na kufanya fujo. Akachoka. Mwaka wa 383 alisafiri kwenda Roma akitumaini kupata wanafunzi wenye nidhamu. Monika hakutaka aondoke, naye akamhadaa: alimwacha mama yake akikesha kwa sala karibu na bandari, akapanda merikebu usiku na kutweka. Huko Roma alikuta wanafunzi watulivu lakini wenye desturi ya kumhama mwalimu siku ya kulipa karo ilipokaribia. Walimu wa leo watatabasamu kwa uchungu wakiyasoma hayo.

Mwaka wa 384 aliteuliwa kuwa mwalimu rasmi wa balagha katika mji wa Milan, makao ya kaisari. Kwa kijana kutoka Thagaste hicho kilikuwa cheo cha kutajika. Akaanza kwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi, si kwa ajili ya Injili bali kuupima ufasaha wake. Ambrosi alimpokea kama baba anavyompokea mwana, na Augustino anasema alimpenda kwanza kwa ule wema wake, kabla ya kuyakubali mafundisho yake. Hapo ndipo imani ilipoanza kumwingia. Akajiuliza ni mambo mangapi anayoyaamini bila kuyaona: miji asiyoifika, matukio ya zamani, hata kwamba Patricius na Monika ni wazazi wake. Kama mtu hawezi kuishi siku moja bila kuwaamini wanadamu wenzake, basi kumwamini Mungu hakukuwa upumbavu kama alivyodhani.

Lakini moyo ulichelewa kufuata akili, na aliyelipa gharama ya kuchelewa huko hakuwa yeye. Familia ilimtafutia uchumba wa msichana wa ukoo mzuri, ambaye ilibidi angojewe miaka miwili afikie umri wa kuolewa. Mama wa Adeodatus, aliyeishi naye zaidi ya miaka kumi, aliondolewa ili asiwe kizuizi. Alirejea Afrika peke yake, akamwacha mwanawe, akaweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Augustino anakiri kwamba moyo wake ulitoka damu, na kwamba hata hivyo alishindwa kumwiga mwanamke huyo: kabla ya miaka miwili kwisha alijitwalia mwingine. Jina la mama huyo hakuliandika. Katika kisa chote hiki ni yeye aliyeonyesha uaminifu, na historia imemlipa kwa kumsahau.

Basi katika mwezi wa Agosti mwaka wa 386, mgeni mmoja aitwaye Ponticianus, Mwafrika mwenzake aliyefanya kazi katika jumba la kaisari, alimsimulia habari za Antoni wa Misri, mtawa wa jangwani, na za maafisa wawili walioacha vyeo vyao baada ya kuyasoma maisha yake. Augustino akaingiwa na aibu. Tangu ujanani alikuwa akimwomba Mungu ampe usafi wa mwili huku moyoni akitumaini kwamba ombi hilo lingecheleweshwa kidogo. Sasa hakuwa na kisingizio. Akatoka bustanini na rafiki yake Alypius, akashangaa kwamba nafsi ikiuamuru mkono uinuke, mkono hutii papo hapo, lakini nafsi ikijiamuru yenyewe itende mema, haijitii.

Alichokigundua pale ndicho kiini cha mafundisho yake yote ya baadaye. Kwa miaka mingi alikuwa amejaribu kutii kwa nguvu zake mwenyewe, akishindwa, akajilaumu, akajaribu tena. Ilimjia kama maono kwamba watoto, vijana, wajane na wazee waliouweza usafi huo hawakuuweza kwa misuli yao. Walijitupa mikononi mwa Mungu, naye hakujitenga wakaanguka. Ndipo akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudiarudia kama wimbo wa mchezo kwamba achukue asome. Akachukua nyaraka za Mtume Paulo, akasoma mahali palipomfunulia macho, katika Waraka kwa Warumi, panapowataka watu waache ulevi na uasherati wamvae Kristo. Hakuendelea kusoma. Mashaka yalikuwa yamekwisha.

Akajiuzulu ualimu wa kaisari. Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka wa 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na Alypius na mwanawe Adeodatus. Monika alifariki mwaka uo huo huko Ostia, safarini kurudi nyumbani, akiwa ameyaona aliyoyalilia miaka yote. Baada ya kufika Thagaste Augustino aliandika mazungumzo yake na Adeodatus kuhusu ualimu, akifafanua kwamba maneno ya mwalimu huelekeza tu, na kwamba mwanafunzi huuona ukweli kwa nuru iliyo ndani yake, ambayo kwa Augustino ni Kristo. Punde baadaye kijana huyo akafa, akiwa bado barobaro.

Augustino alitaka kuyamaliza maisha yake katika utulivu wa sala na vitabu. Mwaka wa 391 alikwenda Hippo, mji wa bandari unaoitwa Annaba siku hizi. Waumini walimshika kanisani, wakampeleka mbele ya Askofu Valerius, wakadai afanywe padri. Alilia machozi. Akaomba muda mfupi tu wa kusoma Maandiko, kisha akaitwaa kazi hiyo, na miaka minne hivi baadaye akawa askofu. Huu ni utii wa aina nyingine. Aliipoteza ratiba aliyojipangia, akapewa mashauri ya mirathi na mipaka ya mashamba ya kuamua kila siku, wagonjwa wa kuzuru na maskini wa kulisha. Aliviyeyusha vyombo vya kanisa ili kuwakomboa mateka. Barua yake mojawapo, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981, inaeleza jinsi waumini wake walivyowaokoa watu takriban 120 kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa hapo bandarini.

Hakuusahau ualimu. Deogratias, shemasi wa Carthage, alipomlalamikia kwamba somo lake la dini linamchosha yeye na wasikilizaji, Augustino alimwandikia kitabu kizima. Alimshauri afundishe kwa furaha, amwambie mwanafunzi kwanza jinsi Mungu alivyompenda, na mtu akichoka kusimama apewe kiti. Alipopingana na Pelagius na wafuasi wake, walioshikilia kwamba binadamu anaweza kuishika sheria ya Mungu kwa hiari na bidii yake, alijibu kwa yale aliyoyaona bustanini Milan. Sheria huonyesha njia, lakini miguu ya kuiendea hutolewa na neema. Mtaguso wa Carthage wa mwaka wa 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagius, na Kanisa Katoliki limeendelea kufundisha kwamba neema hutangulia kila tendo jema la mwanadamu.

Iwapo tungeishia hapa tungekuwa na mtakatifu wa kupamba ukuta. Lakini kuna ukurasa mwingine. Kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika kwa muda mrefu kati ya Wakatoliki na Wadonati. Mwanzoni Augustino alitaka Wadonati wavutwe kwa hoja peke yake. Fujo za baadhi yao zilipozidi, na sheria za kaisari zilipowatia wengi woga wakarejea, alibadili msimamo. Akaitetea shuruti ya serikali, akiutumia mfano wa Injili wa karamu ambayo wageni walilazimishwa kuingia. Kweli, alijitahidi kuipunguza makali. Wadonati fulani walipokiri kumuua padri mmoja na kumkata viungo mwingine, alimwandikia Marcellinus, mjumbe wa kaisari, asiwaue wala kuwalipiza jicho kwa jicho. Lakini katika barua iyo hiyo alimsifu kwa kuwa aliwahoji kwa fimbo tu, kama zile zitumiwazo na walimu na wazazi, bila kutumia mitambo ya mateso.

Msomaji na asimame hapo kidogo. Mtoto aliyemlilia Mungu asichapwe, ambaye Kigiriki kilimpita kwa sababu ya vitisho, sasa anaitaja fimbo ya mwalimu kama mfano wa upole. Mwiba aliochomwa nao aliusahau. Karne zilizofuata watawala na viongozi wa dini waliyatumia maandishi hayo kuhalalisha mateso ambayo yeye mwenyewe angeyakana. Ilifika mwaka wa 1965 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipotamka rasmi kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya imani.

Uzeeni, mnamo mwaka wa 426 na 427, Augustino alifanya jambo ambalo wasomi wachache huthubutu kulifanya. Aliyapitia maandishi yake, kitabu baada ya kitabu, akasahihisha alipoona amekosea, kama mwalimu anayeisahihisha daftari yake mwenyewe. Wavandali walipovamia Afrika, maaskofu walimwuliza kama ni halali kukimbia. Alijibu kwamba mchungaji hawezi kuliacha kundi linalomhitaji. Yeye mwenyewe alibaki Hippo huku mji ukiwa umezingirwa. Alipougua, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda, akazisoma na kulia. Askofu huyu aliyesifiwa ulimwengu mzima alijiandaa kufa kama mkosaji mwingine yeyote, akiwa hana la kujivunia ila rehema. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka wa 430.

Yanatuhusu nini haya? Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001, na Katiba ya mwaka wa 2010 ikaiharamisha adhabu ya mwili. Hata hivyo wapo walimu na wazazi ambao bado huamini kwamba bila bakora hakuna utii. Maisha ya Augustino yanawajibu. Woga humzuia mtu kwa muda ambao aliyeishika fimbo yupo. Akigeuka, mti wa jirani hutikiswa. Ambrosi aliyageuza maisha ya kijana huyu bila kumtisha, kwa kuwa alimfanya aone kwamba anapendwa. Naye akishajua anapendwa, aliweza kuamini, na akishaamini aliweza kutii hata alipoitwa kwenye kazi asiyoitaka.

Wanafunzi nao wasije wakaufanya mkasa huu kuwa kinga. Augustino hakumsingizia mwalimu mkali wala nguvu ya giza. Alisema wazi kwamba yeye ndiye aliyeyaiba yale mapeasi. Kukiri hivyo si fedheha, maana anayejua kwamba kosa ni lake ndiye pekee anayeweza kuomba asaidiwe kuliacha. Na mwalimu anayesimama mbele ya darasa kesho asubuhi, kabla hajadai kutiiwa, ajiulize kama amewapa vijana wale sababu yoyote ya kumwamini.